Stakabadhi Namba 117

Mkebe wa biskuti, kifuniko kimeshika kutu,
ndani yake pamba, ndani ya pamba bahasha,
ndani ya bahasha wanaume kumi.

Sita wamesimama, wanne wamechutama,
na nyuma yao ndege, kubwa kuushinda msikiti wa mtaa wetu,
injini nne, pua ya kioo,
mitutu imechomoza kila upande kama miiba ya nungu.
Mmoja amefumba macho. Mmoja amepakata paka,
na paka ni wa hapa hapa Malindi:
ukoo wake hadi leo unatuibia samaki.

Sinyoo Furtado, mwenye studio, siku hiyo alilala na homa.
Akamtuma babu, mfuta vumbi wake, mchanganya dawa:
"Nenda uwanjani, Shekue. Wamarekani wanataka picha.
Mkono usikutetemeke."

Ndege ilikuwa imeshuka kwa dhiki, injini moja ikivuja.
Siku mbili waliigongagonga, ya tatu wakaruka.
Walilipa nusu, shilingi nne.
Nusu ya pili watakaporudi kuchukua picha.

Nyuma yake babu ameandika majina kwa herufi za Kiarabu,
kama sikio lilivyoyapokea:
Harodi. Bili. Eri. Stanili mwenye paka.
Wa kumi jina lilimpita. Kaandika tu, "yule wa meno."

Ubavuni mwa ndege walikuwa wamechora mwanamke,
hazidi ukucha wa kidole gumba,
nguo yake fupi kuliko haya.
Babu alikesha na kile kioo, taa ya chemni, brashi ya unywele mmoja,
akamvisha leso mpaka vifundoni.
Tazama vizuri: ina hata pindo.
Jina tu ndilo hakulitia.

Lakini mabomu hakuyagusa.
Yamechorwa chini ya dirisha la rubani, madogo madogo,
moja kwa kila safari.
Shangazi Zena alikuwa akiyahesabu kila Idi,
kumi na tisa, kana kwamba huenda moja limepungua.
Mwaka wa arubaini, Wataliano walipotudondoshea yao,
alikuwa na miaka saba.
Alikumbuka manyoya ya kuku, bila kuku.
"Kumi na tisa," alikuwa akisema,
"na kule chini hakuna aliyetumwa na kamera."

Hawakurudi.
Vita vikaisha, Sinyoo Furtado akarudi kwao Goa,
babu akabaki na mkebe. Amana, alisema, si mali.

Juzi kaja Mtaliano, mwenye duka la vitu vya kale,
Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mwanangu.
Akavaa miwani, akaivua, akaivaa.
Akataja bei: bei ya paa la nyumba hii
pamoja na misumari yake.
"Ila hapa chini," akaweka kidole,
"kivuli hiki kinaharibu. Nitakikata."

Kivuli chenyewe kimelala mchangani
kutoka ukingo wa picha hadi viatuni mwa Harodi:
kofia, mabega, viwiko viwili vimepandishwa,
kanzu imepepea kidogo kushoto.

Babu hakupigwa picha maishani mwake.
Aliupiga mji mzima, maharusi, wafungwa,
makarani wenye kalamu wasizojua kuzitumia,
mwenyewe akiikimbia lenzi kama mdai.

Nikamwambia yule bwana anywe kahawa ingali moto.
Nikafunga bahasha, pamba, kifuniko.

Kuna shilingi nne hatujalipwa.
Atakayekuja na kipande chake, namba mia moja na kumi na saba,
awe mjukuu wa Bili, awe mjukuu wa yule wa meno,
picha ni yake, hatutamzuia.
Kuhusu kivuli
itabidi aketi, tuzungumze.